Ukavu wa Jicho na Upasuaji wa Leza: Historia ya Istilahi Moja

1. Utangulizi

Hivi karibuni mfasiri mmoja alituletea fomu ya ridhaa, ile ambayo mgonjwa hutia sahihi kabla ya kupasuliwa. Ilikuwa ya mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa macho kwa leza ili aache kuvaa miwani. Fomu ilikuwa imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili, na mfasiri alitaka tu kuthibitishiwa istilahi zake. Katika sehemu ya madhara yanayoweza kutokea iliandikwa hivi: "Baada ya upasuaji unaweza kuwa na macho makavu." Mzee mmoja mtumishi wa ofisi, aliyekuwapo wakati sentensi hiyo ikisomwa kwa sauti, alicheka, akauliza ni upasuaji gani huo unaomwondolea mtu haya.

Mzee huyo hakukosea hata kidogo. Katika Kiswahili, mwenye macho makavu, au mkavu wa macho, ni mtu asiyeona haya: amekukosea jana, na leo anakutazama usoni bila ya kupepesa. Maana hiyo ni ya zamani, na ingali hai vinywani mwa watu. Mfasiri alikuwa amefasiri neno kwa neno, na kila neno lilikuwa sahihi, lakini sentensi nzima ilisema jambo jingine.

Tulipolichunguza suala hili tuliona kuwa halikuishia kwenye kicheko. Jina lenyewe la maradhi haya, hata katika lugha lilikotoka, limewapoteza madaktari na wagonjwa kwa miaka mingi. Lilijengwa juu ya dhana ya upungufu wa maji, kumbe maji ni sehemu tu ya habari. Upasuaji wa leza ni miongoni mwa mambo yaliyowalazimisha wataalamu kuifikiri upya maana yake. Makala haya yanakusudia kuisimulia historia hiyo kwa ufupi, na mwishoni kupendekeza istilahi zitakazomwezesha mgonjwa wa Kiswahili kujua hasa anatia sahihi jambo gani. Mtu asiyeelewa alichoonywa hakuonywa.

2. Pembe, kerezo na leza

Mbele ya jicho, juu ya mboni, pana kiwambo angavu kama kioo cha saa. Kiwambo hicho ndicho konea. Wayunani wa kale walikiita kwa jina lenye maana ya "kilicho mfano wa pembe", kwa sababu pembe ikichongwa ikawa nyembamba sana hupitisha mwanga. Hunayn ibn Ishaq, tabibu na mfasiri mashuhuri wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, alipoandika juu ya jicho kwa Kiarabu hakulichukua neno la Kiyunani kama lilivyo. Alitumia neno qarniyya, lililotokana na qarn, yaani pembe. Walatini nao wakasema cornea, kutokana na neno lao la pembe. Lugha tatu zilipokezana picha ile ile. Kiswahili kimechukua konea kwa sauti tu, na pembe imebaki nje. Si kosa, kwa kuwa neno limekwisha kuzoeleka shuleni na hospitalini. Walakini inafaa mwalimu ajue kilichofichika ndani yake.

Konea ina unene wa takriban nusu milimita tu, lakini hufanya sehemu kubwa, yapata theluthi mbili, ya kazi ya kuupinda mwanga ili picha iangukie mahali pake nyuma ya jicho. Ikiwa umbo lake halilingani na urefu wa jicho, picha huanguka mbele au nyuma ya mahali hapo, na mtu huhitaji miwani. Kwa hiyo madaktari walijiuliza mapema: je, badala ya kuweka kioo mbele ya konea, haiwezekani kuibadili konea yenyewe?

Nchini Japani, daktari Tsutomu Sato alijaribu kuitia konea chanjo ndogo ndogo kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili ili ilegee na kubadilika umbo. Kwa muda mfupi wagonjwa waliona vizuri zaidi. Miaka mingi baadaye konea za wengi wao zilivimba na kufanya ukungu, kwa kuwa chanjo za upande wa nyuma zilikuwa zimeharibu seli ambazo umuhimu wake haukujulikana wakati ule. Tunalitaja jambo hili kwa sababu litajirudia kwa sura nyingine: tendo lililofanikiwa kwa macho ya siku ile linaweza kugusa kitu ambacho bado hakijapewa jina.

Huko Bogotá, Kolombia, daktari José Ignacio Barraquer alishika njia nyingine. Alikata kisahani chembamba cha konea, akakigandisha kwa baridi kali, akakitia kwenye kerezo na kukichonga hadi kipate umbo alilotaka, kisha akakirudisha jichoni. Kazi yake aliipa jina la Kiyunani lenye maana ya kuchonga pembe, yaani keratomileusisi. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Seremala wetu wamekuwa wakikereza miguu ya vitanda na meza tangu zamani, nasi tunalo neno kukereza, likibeba mashine na tendo pamoja. Tungeweza kuiita kazi ya Barraquer ukerezaji wa konea, na jina hilo lingekuwa wazi kuliko lile alilolichagua mwenyewe.

Katika miaka ya 1970, Svyatoslav Fyodorov wa Moscow aliendeleza njia ya chanjo, safari hii kwa upande wa mbele tu, zikitoka kati kwenda nje kama njiti za gurudumu la baiskeli. Njia hiyo ilienea sana hata Marekani. Lakini mkono wa binadamu, hata ukiwa hodari namna gani, una mpaka wake. Kilichouvuka mpaka huo ni leza.

Neno leza lilianza likiwa kifupisho cha maneno ya Kiingereza, na leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960. Mwaka 1970 Nikolai Basov na wenzake mjini Moscow walitengeneza aina mpya, ambayo baadaye iliitwa eksima. Baadhi ya leza za aina hiyo hutoa mwanga wa kiurujuanimno usioonekana kwa macho. Mwishoni mwa Novemba 1981, katika maabara ya kampuni ya IBM jimboni New York, mwanakemia Rangaswamy Srinivasan alileta kazini mabaki ya bata mzinga wa sikukuu na kuyamulika kwa leza hiyo, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, waliona kuwa leza imetoa kipande safi kabisa bila ya kuunguza pembeni. Mwanga huo haupiki nyama. Huvunja viungo vya molekuli zake, tabaka moja jembamba baada ya jingine.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel, akishirikiana na Srinivasan, alionyesha kuwa konea inaweza kuchongwa kwa njia hiyo. Mwaka 1985 Theo Seiler wa Berlin aliitumia leza hiyo kwa jicho la mtu. Mwaka 1988 Marguerite McDonald, huko New Orleans, aliitumia kuuchonga uso wa konea ya jicho lililokuwa likiona. Karibu na mwaka 1989 Ioannis Pallikaris wa kisiwa cha Krete aliunganisha fikra ya Barraquer na chombo kipya: alikata kifuniko chembamba cha konea, akakiacha kimeshikwa upande mmoja kama mlango kwenye bawaba, akakifunua, akachonga kwa leza chini yake, kisha akakirudisha. Njia hiyo ndiyo iitwayo Lasiki. Mtu aliamka kesho yake akiona vizuri na bila ya maumivu mengi, na kwa sababu hiyo njia hii ilizishinda nyingine kwa umaarufu. Leo hufanywa kote duniani, na pia katika miji ya karibu yetu kama Nairobi.

3. Jina na maana zake

Tuiache leza kwa muda tulitazame chozi.

Kwa kawaida Mswahili akisikia neno machozi hufikiri kilio. Lakini jicho hutoa machozi ya namna tatu: yale ya huzuni au furaha, yale yanayobubujika ghafla moshi au kitunguu kinapoliudhi jicho, na yale ya kila wakati, machache na yasiyosikika, yanayotandaa juu ya konea kila mtu anapopepesa. Haya ya tatu ndiyo yanayotuhusu. Konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake nyingi huipata hewani kupitia machozi hayo, na bila ya uso laini ulioloweshwa sawasawa hata konea iliyochongwa vizuri haiwezi kuona vizuri.

Mwaka 1903 Mjerumani Otto Schirmer alitoa kipimo ambacho hata leo kinatumika. Ukanda wa karatasi wenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 35 hukunjwa ncha na kutundikwa kwenye ukope wa chini kwa dakika 5, kisha sehemu iliyolowa hupimwa. Ikiwa haikufika milimita 5, jicho lina upungufu mkubwa wa machozi. Mwaka 1933 Msweden Henrik Sjögren aliandika tasnifu yake kwa Kijerumani juu ya wanawake 19 wenye macho yaliyokauka, 13 kati yao wakiwa na maradhi ya viungo. Hali hiyo ya jicho aliiita kwa Kilatini, akitumia neno sicca, yaani kavu. Tasnifu hiyo ilifahamika kwa mapana baada ya daktari Bruce Hamilton wa Australia kuitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1943, na wafasiri tunaweza kulikumbuka hilo kila tunapoambiwa kuwa kazi yetu ni ya pembeni. Pamoja na elimu, hata hivyo, ulienea pia mtazamo: ugonjwa ni ukavu, na ukavu hupimwa kwa karatasi.

Mtazamo huo ulianza kupanuka mwaka 1946, Eugene Wolff alipoeleza kuwa machozi yaliyotandaa juu ya jicho si maji matupu. Ni utando wenye tabaka tatu: ute chini, unaoyashikisha maji juu ya konea, maji katikati, na mafuta juu, yanayozuia maji yasikauke hewani. Mafuta hayo hutoka katika tezi za kingo za kope, zilizoelezwa na Mjerumani Heinrich Meibom tangu mwaka 1666. Siku hizi wataalamu huona kuwa ute na maji vimechanganyika zaidi kuliko alivyodhani Wolff, lakini msingi wa fikra yake umebaki. Mwaka 1969 Mdenmark Mogens Norn aliandika juu ya kupima muda ambao utando huo hudumu bila ya kupasuka baada ya mtu kupepesa. Ukipasuka kabla ya sekunde 10, hauna uimara. Basi ikadhihirika kuwa jicho linaweza kuwa na maji ya kutosha na bado likawa gonjwa, kwa kuwa maji hayakai.

Hapa ndipo linapofumbuliwa fumbo linalowachanganya wagonjwa wengi. Utando ukipasuka, konea hubaki wazi na kuudhika. Jicho lililoudhika hububujisha machozi ya namna ya pili, yale ya kitunguu. Machozi hayo ni ya majimaji, hayana mafuta ya kutosha, hayatulii, na hutiririka shavuni. Mgonjwa hufika hospitalini akijifuta machozi, naye huambiwa kuwa jicho lake ni kavu. Ama hudhani daktari amekosea, ama huichukua dawa asiitumie.

Tafsiri za kitaalamu za maradhi haya zinaonyesha jinsi fikra ilivyosogea. Mwaka 1995 wataalamu waliokutanishwa na Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani waliyaeleza kuwa ni kasoro ya utando wa machozi, inayotokana na upungufu wa machozi au kukauka kwake kupita kiasi. Mwaka 2007 jopo la kimataifa la wataalamu wa utando wa machozi na uso wa jicho liliongeza kuzidi kwa chumvi katika machozi na uvimbe wa uso wa jicho. Mwaka 2017 jopo la pili liliongeza jambo ambalo hapo awali halikuwamo: kasoro za mishipa ya fahamu. Kwa muda wa miaka 22, maana ya jina moja ilitoka kwenye maji, ikapita kwenye chumvi na uvimbe, ikafika kwenye neva. Jina halikubadilika.

4. Mshipa uliokatwa

Neva ziliingiaje? Jibu moja kati ya majibu kadhaa ni leza.

Konea ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye neva nyingi zaidi. Ndiyo maana chembe ya mchanga jichoni humfanya mtu mzima aache kila kazi. Neva hizo hazipeleki habari za maumivu tu. Kila mara huarifu ubongo jinsi uso wa jicho ulivyo, na ubongo huamrisha tezi za machozi zitoe machozi na kope zipepese. Pia hutoa viini vinavyozilisha seli za konea. Huo ni mzunguko mmoja: konea huhisi, ubongo huamuru, tezi na kope hutii.

Kifuniko cha Lasiki kinapokatwa, neva zinazopita mahali hapo hukatwa pia, isipokuwa zile zilizopita kwenye bawaba. Kinachofuata ni rahisi kukifahamu. Konea iliyopungukiwa na hisia haiombi machozi ya kutosha, mtu hupepesa mara chache zaidi, na utando hupasuka kabla haujafanywa upya. Aidha pete ya kufyonzea, inayolishika jicho wakati wa kukata, inaweza kuziumiza seli zinazotoa ute. Neva huota tena, lakini polepole. Hisia hurudi kwa wengi katika muda wa miezi sita hadi mwaka, ingawa wingi wa neva unaweza kubaki pungufu kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 2001 daktari Steven Wilson wa Marekani alipendekeza kuwa hali inayoonekana baada ya Lasiki ipewe jina lake, lenye kutaja ukosefu wa huduma ya neva kwa ngozi ya juu ya konea. Pendekezo hilo ni la mtu wa istilahi kama lilivyo la daktari. Alikuwa akisema kwamba kuliita jambo hili ukavu tu ni kuwafanya watu wautafute ugonjwa katika tezi, hali umeanzia kwenye mshipa uliokatwa. Jina lake halikuenea nje ya vitabu. Hoja yake ilibaki.

Kuna wagonjwa wachache wanaolalamika kuchomwa na kuumwa kwa miaka mingi baada ya upasuaji, na daktari akitazama kwa darubini haoni kasoro ya kutosha kueleza maumivu hayo. Zamani watu kama hao waliweza kuambiwa kuwa jicho lao halina tatizo, kwa kuwa karatasi ya Schirmer ililowa vizuri. Tangu neva ziingizwe katika maana ya ugonjwa, malalamiko yao yana mahali pa kuandikwa. Maana ya neno inapopanuka, mtu aliyekuwa nje ya mlango huingia.

Tusitie chumvi katika habari hii. Dalili nyingi za ukavu baada ya upasuaji huwa kali miezi ya mwanzo na kupungua ndani ya mwaka. Katika uchunguzi uliofanywa Marekani kwa ushirikiano na mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, watu 574 waliulizwa wenyewe hali zao kabla na baada ya Lasiki. Kati ya wale ambao hawakuwa na dalili za ukavu kabla ya upasuaji, hadi asilimia 28 walikuwa nazo miezi mitatu baadaye. Wakati huo huo baadhi ya waliokuwa nazo kabla walipata nafuu. Mwaka 2022 mamlaka hiyo ilitoa rasimu ya mwongozo kuhusu maneno anayopaswa kuelezwa mgonjwa kabla ya kukubali, na ukavu wa macho ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosisitizwa. Mjadala mkali ulifuata, madaktari wengine wakidai kuwa rasimu inatisha kupita kiasi. Huo ulikuwa mjadala juu ya lugha.

5. Utunzaji wa mgonjwa

Kwa kuwa istilahi hutumika katika kazi, ni vema tueleze kwa ufupi kazi yenyewe.

Utunzaji huanza kabla ya upasuaji. Watu wengi hutafuta leza kwa sababu wameshindwa kuvumilia lenzi zivaliwazo juu ya jicho, na aghalabu kinachowashinda ni ukavu. Yaani anayekuja kwa hamu zaidi huenda ndiye aliyekwisha kuwa na ugonjwa. Kwa hiyo daktari humhoji, hupima kwa karatasi, hupima muda wa utando kupasuka, hutia rangi ili kuona madoa ya konea iliyokwaruzika, na hukagua tezi za kope. Kasoro ikionekana, hutibiwa kwanza na upasuaji huahirishwa. Kwa wengine hufutwa kabisa.

Tiba hupanda ngazi. Chini kabisa ni machozi ya bandia, na yakitumiwa mara nyingi kwa siku inafaa yasiwe na dawa ya kuhifadhi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huudhi konea. Tezi za kope zilizoziba hukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi na kusafishwa. Uvimbe ukiwapo, hutumika matone ya kuutuliza, kama siklosporini, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwishoni mwa mwaka 2002. Vitundu vinavyopitisha machozi kwenda puani vinaweza kuzibwa kwa vizibo vidogo, njia iliyoelezwa na Freeman mwaka 1975. Kwa hali ngumu hutengenezwa matone kutokana na maji ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Si kila kinachosifiwa hufaa: mwaka 2018 uchunguzi mkubwa wa Marekani uliona kuwa vidonge vya mafuta ya samaki havikuwasaidia wenye ukavu kuliko vidonge vya mafuta ya zeituni.

Daktari anaweza pia kuchagua njia isiyo na kifuniko. Kuna kuchonga uso wa konea moja kwa moja, njia ya mwaka 1988, ambayo huuma zaidi siku za mwanzo na pia huweza kuleta ukavu. Na kuna njia mpya iliyoanzishwa Ujerumani na kuidhinishwa Marekani mwaka 2016, ambapo leza hukata kipande ndani ya konea na kipande hicho kutolewa kupitia upenyo wa milimita chache tu. Kwa kuwa upenyo ni mdogo, neva nyingi zaidi husalimika.

6. Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na historia hiyo tunapendekeza yafuatayo.

(a) Ukavu wa jicho. Jina la ugonjwa. Tunachagua nomino ukavu pamoja na jicho katika umoja, kwa sababu msemo wa kutokuwa na haya umeshikamana na macho makavu na mkavu wa macho. Katika maelezo kwa mgonjwa jina hili lisiandikwe peke yake. Lifuatwe na sentensi moja inayoeleza dalili, pamoja na kutiririka kwa machozi.

(b) Zerofthalmia. Neno hili la Kiyunani nalo maana yake ni ukavu wa jicho, lakini katika tiba hutumika kwa madhara ya upungufu wa vitamini A, hasa kwa watoto, ambayo yanaweza kuanzia kutoona usiku hadi upofu. Tiba yake ni vitamini A kwa haraka, wala si machozi ya bandia. Mfasiri akiyaita maradhi yote mawili ukavu wa jicho, anaweza kumpotosha mhudumu wa zahanati penye hatari. Likopwe, na lifafanuliwe.

(c) Utando wa machozi. Tabaka jembamba la ute, maji na mafuta lililotandaa juu ya konea. Lisiitwe maji ya jicho.

(d) Kifuniko cha konea, na bawaba ya kifuniko. Maneno ya seremala, na yanaeleweka bila ya maelezo.

(e) Ukerezaji wa konea kwa njia ya Barraquer. Uchongaji wa konea kwa leza kwa njia zilizofuata. Leza haizungushi kitu, kwa hiyo haikerezi.

(f) Machozi ya bandia. Wapo waliotuambia kuwa bandia inanuka udanganyifu, kama noti bandia, na kwamba mgonjwa atafikiri machozi ya mamba. Hatuoni hivyo. Meno ya bandia na miguu ya bandia imekubalika kwa miaka mingi bila ya lawama.

(g) Kizibo cha kitundu cha machozi. Lieleweke kuwa huzuia machozi yasikimbie, si yasitoke.

7. Hitimisho

Sentensi ya mfasiri wetu tumependekeza isomeke hivi: "Upasuaji huu hukata baadhi ya mishipa ya fahamu ya jicho. Kwa sababu hiyo unaweza kupata ukavu wa jicho: jicho kuwasha, kuchoma, kuona ukungu unaokuja na kuondoka, au hata kutiririsha machozi. Kwa watu wengi hali hii hupungua ndani ya mwaka mmoja. Kwa wachache huendelea. Mweleze daktari kabla ya upasuaji ikiwa tayari una dalili hizi."

Ni ndefu kuliko ya kwanza, na mwenye kupanga fomu atalalamikia nafasi. Lakini ile fupi ilikuwa na historia ya miaka zaidi ya mia iliyobanwa katika neno moja, na mgonjwa hana wajibu wa kuijua historia hiyo. Ni sisi tunaopaswa kumfungulia. Tulipoisoma sentensi mpya mbele ya mzee yule yule, hakucheka. Aliuliza iwapo mishipa iliyokatwa huota tena. Hilo ndilo swali ambalo mtu anapaswa kuuliza kabla ya kutia sahihi.

Wasomaji, hasa wauguzi, walimu wa sayansi na wafasiri wa nyaraka za hospitali, wanaombwa watuletee maneno yanayotumika katika sehemu zao kwa hali zilizotajwa hapa, ili mapendekezo haya yatengenezwe kabla ya kupelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.